Eedo Arbia na Kompyuta Iliyoachwa Bure Paani

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Arbia Mowlid Kerrow anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika Kituo chetu cha Mitambo ya Visima, Garissa. Tuna huzuni, lakini tumeagiza pilau ya nyama ya ngamia, na hakuna atakayelia mbele ya sahani.

Kwa wageni wetu: kila pampu tunayoihudumia huongozwa na kompyuta ndogo, na ndani yake mna kiini, ile programu ya chini kabisa inayoziamsha na kuzisimamia nyingine zote. Kiini kikizimia, pampu husimama. Viini vyetu ni vya majaribio na havikosi kasoro. Eedo, yaani shangazi, kama sote tunavyomwita, alivitia viraka, yaani marekebisho madogo, kisha akatamka kama kiini kimetulia na kinaaminika, au bado. Bura, Ijara na Hulugho zimekunywa maji kwa neno lake.

Kwa wafugaji wa kwao, ngamia mpya haingizwi kundini siku hiyo hiyo. Hutengwa kwanza aangaliwe. Eedo naye alikitenga kila kiini kipya kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya paa la mabati, katika jua la kukaanga yai. Nilipohamia hapa kutoka Meru nilidhani ananitania, mpaka nilipopanda ngazi nikaiona, imefunikwa mtandio wake wa zamani isiingie vumbi.

Katika ukame wa 2022, pampu ya Hulugho ilikuwa ikizimia huku mifugo imejaa birikani. Kiini kipya kilipofika tulikitwika kila aina ya kazi, kikastahimili. Eedo akaruhusu kitumwe kwa dharura, lakini akakataa katakata kusema kimetulia. "Hii kitu bado, wallahi," alituambia. "Hamjaiona ikikaa bure." Akaiacha kompyuta ya paani bila kazi yoyote, nasi tukamcheka wiki nzima na zaidi. Siku alipoiita, haikuamka.

Yeye alikuwa anawaza mvua. Mvua ikinyesha wafugaji hutawanyika kwenye malisho, pampu ikapumzika. Wangerudi na wanyama wenye kiu, wakute kompyuta imelala moja kwa moja. Aliandika kiraka cha mistari michache, kikafika Hulugho kabla ya wingu la kwanza. Mvua zikaja, zikaisha, mifugo ikarudi, na maji yakatoka.

Wiki iliyopita tulimwomba zawadi ya kuagana: atutamkie kuwa kiini kilicho paani sasa kimetulia. Akakataa. Alisema neno hilo ni la Kinsi, fundi ambaye yeye mwenyewe alimlea kikazi, na wakati wa kulitamka haujafika. Tulipombembeleza zaidi, Eedo akacheka, akatukumbusha anakohamia: Hulugho, kwa ngamia wake, wanaokunywa kwenye kisima kile kile. Anakwenda kuishi kwa maji yatakayotegemea neno letu, na wala hana wasiwasi.

Asante, Eedo. Mungu akupe afya, maziwa tele na uzee mtulivu. Kompyuta bado iko paani chini ya mtandio wako, haina kazi yoyote, na hakuna anayeiharakisha.

Murithi, kwa niaba ya wenzako