Afande Ndoto Anaondoka Mzungukoni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kitengo chetu cha trafiki, Afande Ndoto anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia akiwa amesimama mahali pamoja, katikati ya mzunguko wa njia nne ulio chini ya kituo chetu.

Jina la Ndoto walimpachika madereva wa malori. Walidai askari huyu anaongoza magari akiwa usingizini. Na kweli, ukimtazama alfajiri, ukungu na moshi vikiwa vimechanganyika juu ya lami, ulimwona kuanzia kifuani kwenda juu tu, macho yamesinzia, glavu nyeupe zikipanda na kushuka polepole kana kwamba mwenye nazo anaogelea. Magari yaliibuka ukunguni, yakampita, yakayeyukia ukunguni. Askari wapya walipomuuliza anawezaje, alisema anasikiliza injini, kwa sababu kwa moshi ule kutazama ni kujichosha bure.

Siku moja msafara wa harusi ulikatika pale mzungukoni. Bibi harusi akaenda kushoto, bwana harusi akaenda kulia. Afande Ndoto akafunga njia zote nne mpaka wakapatana tena, huku honi zikimtukana kila upande. Mwaka uliofuata wale maharusi walimletea mtoto wao amwone.

Kisha ukaja msimu wa pipi. Mfuko wake wa shati haukukosa pipi za mnanaa, na kila mapumziko alikuwa kwenye kibanda kilekile akinunua nyingine. Sisi wenzake tukaanza kukonyezana. Habari zikamfikia mkewe, Mama Mapacha, naye akajifunga kanga akaja kumwona huyo muuza pipi. Alimkuta bibi kizee asiye na jino hata moja, aliyemkaribisha kiti na kumwambia kwa upole, "Mwanangu, mumeo hanywi chai kwangu wala hapigi soga. Anakuja kukohoa asionekane."

Mama Mapacha alirudi nyumbani. Jioni alimwambia mumewe aende hospitali. Afande Ndoto akaahidi kwenda wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake. Aliogopa kwamba akipimwa ataondolewa barabarani, na barabara ndiyo kazi pekee aliyoijua na kuipenda.

Kifua hakikumsubiri. Jioni moja ya joto, foleni ikiwa imefika hadi sokoni na moshi wa dizeli umetanda bila upepo wa kuusukuma, aliinua mikono yote miwili na kusimamisha njia zote. Honi zikaanza. Mimi nilikuwa upande wa pili wa barabara, nikadhani kuna msafara wa kiongozi unakuja. Halafu nikamwona anapiga magoti taratibu, mikono bado iko juu, mdomo wazi, hewa haiingii. Dereva wa lori la mchanga aliruka chini akapiga kelele, "Zimeni injini! Afande anakosa pumzi!"

Makondakta wakapokezana maneno hayo, gari hadi gari. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, njia hii, kisha ile. Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile pale mzungukoni. Tulisikia majani ya miti ya bustanini, tukasikia kijiko kikikoroga kikombe mkahawani, na mtoto akilia ghorofani huku mama yake akimbembeleza. Tulimlaza ubavu, tukamlegeza mkanda. Baadaye alituambia alijua ameshakufa, na kwamba huko alikokwenda hapakuwa pabaya hata kidogo.

Daktari alimuuliza amevuta sigara kwa miaka mingapi. Afande Ndoto hajawahi kuigusa sigara. Akaelezwa kwamba mapafu yake hayatarudi kuwa kama zamani, ila yanaweza kutunzwa, na kwamba hapaswi kusimama tena mzungukoni. Alipotoka chumbani humo, Mama Mapacha anasema, alikaa kwenye benchi akilia kama aliyefiwa.

Alipewa meza ofisini, karibu na dirisha linalotazama mzunguko. Kutoka hapo alituona sisi, mmoja mmoja, tukipotea katika moshi uleule. Akaanza kutubembeleza tukapimwe. Tulimkwepa. Tulichekea kila alilosema, tukakohoa kwa siri kama yeye alivyofanya.

Hapo ndipo alipomwendea Mkuu wa Kituo. Hakuomba waraka wala amri. Alisema, "Mkuu, hawa wanaogopa kupimwa. Tangulia wewe." Mkuu, ambaye naye alianzia barabarani, alikiri kwamba kila akipanda kitanda usiku kifua kinampigia miluzi, na kwamba yeye pia anaogopa. Asubuhi yake alikuwa wa kwanza kupuliza kwenye kipimo cha pumzi kilicholetwa kituoni, tukimtazama kutoka mlangoni.

Tukafuata wote. Wakaja na wafagiaji wa barabara, wakaja na wachuuzi wa mzungukoni. Kwangu mimi, ugonjwa uligunduliwa ukiwa bado mchanga. Leo natumia dawa ya kuvuta kwa mdomo na ninafanya kazi zangu. Muuza magazeti wetu alikuwa amechelewa kupimwa. Afande Ndoto alimtembelea kila Jumapili, akimsomea habari za michezo, mpaka yule bwana alipofariki.

Hakuna aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya kifua. Zamu za mzungukoni zimekatwa nusu, tunapokezana na kwenda kupumzika bustanini, barakoa nzuri zinatolewa, na malori mabovu yanayotapika moshi yanazuiwa kabla hayajaingia mjini. Moshi haujaisha. Lakini sasa kukohoa mbele za watu si aibu tena kituoni kwetu.

Juzi alikuja kukabidhi ofisi. Ngazi zetu ni ndefu, na katikati alisimama, mkono ukutani. Sote tuliokuwa nyuma yake tukasimama pia, Mkuu akiwemo, kila mtu na faili lake mkononi, hakuna aliyemharakisha wala aliyejifanya haoni. Alipokuwa tayari aliitikia kwa kichwa, tukapanda pamoja.

Anahamia mlimani kwa wakwe zake, ambako Mama Mapacha anasema upepo huingia ndani bila kubisha hodi. Ahsante, Afande. Wengi wetu tunapumua leo kwa sababu ulitusumbua. Tunakuombea siku ndefu zisizo na haraka, na usingizi wa kweli, ule wa kitandani.