Beberu wa Mbuthia

Sogeeni wanangu, sauti yangu imekuwa ndogo na sitaki kurudia. Nafiso, zima hiyo redio. Magan, kaa chini, acha kusimama mlangoni kama mtu aliyetumwa kudai kodi. Na wewe Idil, mke wa mwanangu, usikimbilie jikoni, chai itangoja. Kaa hapa miguuni pangu, maana mengi ya leo yanakuhusu.

Mzee Khalif na imamu wameshasikia neno langu la mali, wameshuhudia na kwenda zao, nami nalirudia kwenu ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Nyinyi watoto wangu wawili mtagawana kama dini ilivyopanga, sina la kuongeza wala kupunguza. Lakini dini imeniachia theluthi nimpe nimtakaye asiye mrithi, na theluthi yangu ni kibanda cha asali pale Gikomba pamoja na mizinga iliyoko kwa Nzisa, anayenitunzia nyuki kule Mwingi, na nimempa Idil. Akibaki nyumba hii ni vyake, akitoka ni vyake. Nafiso, usinikunjie uso, bado sijafa.

Najua mnachopanga. Najua kuna msichana ameshaonwa kule Shauri Moyo, na mnangoja nizikwe ndipo posa ipelekwe na Idil arudishwe kwao, kwa kuwa Idil ameolewa miaka yote hii na hajabeba mimba. Sikasiriki, ila naumia. Nimeuza asali umri wangu wote, na wanaokuja kwa jambo hilo nawajua kabla hawajafungua mdomo: mwanamke huja peke yake wakati kibanda hakina watu, anauliza bei ya asali huku macho yako kwenye chupa ya chavua, ule unga wa maua ambao nyuki hubeba miguuni. Desturi yangu mnaijua. Sikumuuzia yeyote peke yake. Nilimwambia rudi na mumeo, mnywe kikombe kimoja mbele yangu, ndipo nikufungie cha nyumbani. Wengine walinitukana wakanunua kwa jirani. Waliorudi na waume zao, kuna waliopata watoto na kuna ambao hawakupata, na sijawahi kumwambia mtu kwamba asali inaleta mtoto. Asali hutia mwili nguvu, na chavua vivyo hivyo. Mtoto huletwa na Mungu. Yeyote atakayeandika "dawa ya uzazi" kwenye kile kibanda, sina radhi naye.

Magan, unamkumbuka Mbuthia wa Mbotela, yule fundi wa mabati aliyefuga mbuzi nyuma ya karakana yake? Mbuzi wake hawakuzaa. Akauza majike akanunua wengine, nao hawakuzaa, akawauza hao pia, akaja kwangu amenuna akitaka chavua ya kuwalisha majike wapya. Nikamuuliza, na beberu je? Akacheka. Akasema beberu yuko sawa kabisa, njoo uone pembe zake! Nikampa chavua bure kwa sharti amlishe huyo beberu, na amwite daktari wa mifugo amtazame. Daktari akakuta ana ugonjwa, akamtibu, na baadaye Mbuthia alikuja kunipigia hodi na chupa ya maziwa, meno yote nje. Kama ilikuwa sindano au chavua, mimi sijui. Ninalolijua ni kwamba majike wengi waliuzwa bila kosa.

Sasa tusizungukane. Idil amepimwa, akapimwa tena, akaambiwa hana kasoro. Amekunywa kila nilichomchanganyia, asali, chavua, hata yale maziwa machachu anayolishwa malkia wa nyuki, wala hakulalamika. Na kila nilipokuita unywe naye, mwanangu, ulinijibu, "Mathe, mimi niko fiti, hiyo ni stori ya wamama," ukachukua funguo ukatoka. Nakupenda, Magan, na ndiyo maana nilingoja mashahidi waondoke kwanza. Nenda kapimwe. Hiyo si aibu. Aibu ni kumrudisha mtoto wa watu kwao kwa jambo ambalo hujajiuliza wewe mwenyewe. Ukikutwa na tatizo, utibiwe. Na mkikosa mtoto kabisa, zeekeni pamoja, nami nitakuwa radhi nanyi.

Niinueni kidogo... hapo, inatosha. Nafiso, wewe ndiwe mwenye maneno matamu, nenda kwa wale watu wa Shauri Moyo uwaambie kwa heshima, msichana wao asikae akingoja. Nizikeni mapema, msisubiri jamaa wa mbali. Asali iliyobaki uvunguni wapeni watoto wa madrasa.

Mungu awaweke. Awafungulie mlango ninaoujua na nisioujua... awape usingizi mzuri katika nyumba hii. Wote watatu, nimesema. Wote.

Idil, mama, lete kile kikombe. Koroga vizuri, asali na chavua. Hapana... usionje. Mpe mumeo.

Pokea, Magan. Kunywa wewe kwanza. Mwenzako amekunywa peke yake siku nyingi.