Miaka thelathini na moja ya Bhoke Nchagwa, na barua moja asiyoistahili

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Bhoke Nchagwa atastaafu baada ya kulitumikia shirika letu la ndege kwa miaka thelathini na moja, yote katika ofisi ya Bomani, Tarime. Nimekaa naye dirisha moja la tiketi kwa miaka kumi na miwili. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, lakini nina hasira, na mwenyewe atanisamehe.

Alianza enzi za kindege chetu cha viti kumi na viwili, kilichotua kwenye uwanja wa changarawe upande wa Mugumu. Kila Jumatatu na Ijumaa alikuwa huko, akifukuza swala uwanjani kwa mwavuli na kupima uzito wa abiria. Mzee mmoja wa Kikurya aligoma kupanda kwenye mizani, akasema yeye si ng'ombe wa mnadani. Mama Bhoke alimwamkia shikamoo, akapanda yeye kwanza na kumsomea kilo zake bila aibu. Mzee akacheka, akapanda.

Mwaka juzi shirika lilinunua ndege mbili mpya za jeti kwa safari za ndani, zile nyembamba zenye njia moja katikati na viti mia na thelathini. Tulizishangilia. Baadaye tukaambiwa haziwezi kutua kwenye changarawe, na kindege chetu kimeuzwa. Abiria wa Tarime na Serengeti wangekwenda kupandia Mwanza, saa nyingi kwa barabara. Hakuna aliyekuja kuwaeleza. Mama Bhoke ndiye aliyezunguka Bomani, Nyamongo na Morotonga akiwaeleza wateja wetu, na matusi aliyapokea yeye.

Siku ya safari ya uzinduzi, aliwasindikiza Mwanza abiria wanne wa kwanza kutoka kwetu. Mmoja alikuwa Makoye Mboje, mchimbaji mdogo wa Nyamongo. Jicho la kushoto lilikufa zamani. Wiki ile kipande cha mwamba kilikuwa kimemrukia jicho la kulia, na daktari wa upasuaji alikuwa anamsubiri Dar es Salaam kesho yake asubuhi. Mkewe, Leonida, alimshika mkono kama anayemfundisha kutembea.

Walipokuwa wamekwisha kukaguliwa, meneja mmoja kutoka makao makuu alikuja na karatasi. Wageni wa heshima walikuwa wengi kuliko viti. Alimwagiza Mama Bhoke awaondoe watu wake wanne wasubiri safari ya keshokutwa, kwa maelezo kwamba watu wa Tarime wamezoea basi. Leonida alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Alisikia kila neno.

Mama Bhoke hakupandisha sauti. Alikwenda akasimama kwenye mlango wa kutokea abiria, akamwambia meneja, "Hawa wana tiketi, na huyu akichelewa atakuwa kipofu. Andika kwamba Bhoke Nchagwa amekataa."

Walibishana mpaka rubani akashuka kuuliza kuna nini. Aliposikia, alisema wafanyakazi wanne wa makao makuu waliopewa nafasi ya kwenda kupiga picha wabaki. Walibaki. Ndege iliondoka imechelewa dakika ishirini na tano.

Makoye alifanyiwa upasuaji, na leo anaona. Alirudi Nyamongo, akaacha mashimo, sasa anatengeneza bodaboda.

Na Mama Bhoke? Wiki iliyofuata alipata barua ya onyo kwa kuchelewesha safari ya uzinduzi. Aliisoma mbele yangu, akaikunja, akamwita mteja aliyefuata. Miezi mitatu baadaye likatoka jarida la shirika, na ndani yake picha ya Makoye na Leonida wakipanda ngazi za ndege, na maneno kwamba shirika letu linawajali wagonjwa wa pembezoni. Jina la Mama Bhoke halikuwamo. Siku hiyo ndipo nilipomwona akilia, chumba cha nyuma, kwa muda mfupi.

Tunawezaje kujisifu kwa tendo tulilomwadhibu aliyelitenda? Sisi wafanyakazi kumi na sita wa kanda hii tuliandika kuomba onyo lile lifutwe. Hatujajibiwa mpaka leo. Niliambiwa niiondoe aya hii kwenye kijarida hiki. Sikuiondoa.

Mama, asante kwa kutufundisha kwamba abiria ni mtu kabla ya kuwa kiti. Nenda Nyamwaga ukapumzike, ukale ugali wa mtama uliopikwa na wajukuu, na afya ikae nawe miaka mingi. Faili lako tutaendelea kulidai mpaka lisafishwe.

Huruma Simioni, Ofisi ya Tiketi, Bomani