Nyumba ya Siku Moja ya Fundi Gordon Oduor Amolo

Wazee wetu, wachungaji, kina mama, majirani wa Kombewa na nyinyi wa Kisumu mjini mliodamka mapema mkafika kabla ya umande kukauka, familia imenisimamisha mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, na mengine nitayasema kama Dorca, mjane wake, alivyoniomba niyaseme, bila kuyapaka rangi.

Gordon Oduor Amolo alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa hapa Seme, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Amolo na marehemu mama yetu Rosa, akamfuata kaka yetu Walter, nasi wengine tukaja nyuma yake. Alisoma shule ya msingi hapa Kombewa kuanzia mwaka wa 1946 hadi 1953, akiwa mtoto mpole ambaye walimu walimpenda isipokuwa pale alipoachwa peke yake na dawati na kitu chenye makali, kisha mwaka wa 1954 akaenda kusomea useremala katika chuo cha ufundi karibu na Maseno, akahitimu Novemba 1957 akiwa wa kwanza katika kundi lake.

Mwezi wa Februari 1958 aliajiriwa katika karakana ya kutengeneza meli bandarini Kisumu, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 1993. Vitanda vya mabaharia, ngazi, madawati ya abiria na milango ya vyumba vya meli, vingi vilipita mikononi mwake, na wenzake wanasimulia kwamba akimaliza mlango aliufunga kwa kidole kimoja, akasikiliza unavyokaa, na kama sauti haikumpendeza aliung'oa wote, hata kama nahodha alikuwa amesimama pale anapiga kelele kwamba meli imechelewa. Baada ya kustaafu alifungua kibanda sokoni Kibuye pamoja na rafiki yake Wepukhulu, fundi kutoka Bungoma, wakawa wanatengeneza vitanda na makabati mazuri sana, kwa wateja wenye subira sana.

Lakini useremala haukumtosha. Alipiga kodiani, akaalikwa katika harusi nyingi za mtaa wao wa Manyatta na mazishi mengi zaidi, aliandika na kuchora mabango ya maduka na vinyozi, alikata mikebe akaunda meli ndogo zilizoelea kweli, alipanda mawaridi ndani ya makopo ya rangi mlangoni pa chumba walichopanga, na baada ya kumtazama mkewe akifuma sweta alichukua sindano naye akajifunza, akafuma hadharani kibandani, watu wakacheka wakachoka, na baridi ya Julai ilipofika hao hao wakaja kuagiza. Ukimtafuta Jumapili alasiri ulifuata tu kodiani inakolia, na Dorca anasema nyumba ya kupanga haina kitu kigumu kama ile saa ya Jumapili sasa, majirani wakiwasha redio na yeye akikaa anasikiliza kitu ambacho hakiji.

Tarehe 22 Desemba 1962 Gordon alifunga ndoa na Dorca Anyango kutoka Nyakach, na Mungu akawajalia watoto watano, kifungua mimba wao Rosa, aliyepewa jina la nyanya yake, akifuatwa na wadogo zake wanne, na wote watano wako hapa mbele yenu. Walipendana waziwazi, hadi wengine wetu tukaona haya. Hata hivyo kulikuwa na jambo moja kati yao, nalo ni nyumba.

Simba yake, ile nyumba ya ujana aliyojenga hapa katika boma la baba, iliangushwa na mvua ya mwaka wa 1978, na tangu hapo kila walipokuja nyumbani Dorca alilala jikoni kwa shemeji yetu Milka, mke wa Walter, kwa sababu mke wa mtu halali nyumbani kwa mama mkwe, naye Gordon akalala kwa wavulana. Walter alihama akafungua boma lake mwaka wa 1981, njia ikawa wazi kwa Gordon, na sisi wadogo tukapanga foleni nyuma yake, maana kwetu mdogo hampiti mkubwa. Tulingoja. Desturi yetu inataka siku mtu anapofungua boma, nyumba isimame siku hiyo hiyo, ya miti na matope tu, na usiku ule yeye na mkewe walale humo, halafu ile kubwa atajenga kwa wakati wake. Kila mtu amefanya hivyo. Gordon hakuweza, alisema nyumba ya kusimama kwa siku moja ni ya kuku, akataka fremu za mvule, madirisha ya kuchonga, milango inayofungwa kwa kidole, akachora nyumba hiyo na kuichora upya mwaka baada ya mwaka, na alipoulizwa alijibu kwamba mbao bado zinakauka.

Krismasi ya mwaka wa 1988, wote tukiwa mezani kwa Milka, Dorca alimwambia kwa sauti ya chini, "Baba Rosa, mimi sikuomba nyumba ya kuonyesha wageni. Naomba nyumba ya kulala na wewe." Gordon alimwangalia kwa upendo mwingi, akasema, "Ngoja kidogo tu, Mama Rosa, nikufanyie kitu kizuri." Hapo ndipo ndugu yetu alipokosea, na familia inalisema hili bila hasira, kwa sababu alikosea akiwa anampenda.

Mnamo Septemba 1995 alianza kukohoa na kukonda, akalazwa mara mbili katika hospitali kuu ya mkoa, na mwezi wa Aprili mwaka huu madaktari wakatueleza kwamba ni saratani ya mapafu. Siku aliyoruhusiwa kutoka alimshika Dorca mkono, akasema, "Hata ya matope, Mama Rosa. Twende tukaweke hata ya matope." Dorca alikuja mwenyewe kwa wazee, wazee wakakubali, wakapanga siku ya kufungua boma iwe Jumamosi tarehe 10 Agosti, mvua ikishapungua, na Dorca akanunua mkeka mpya. Gordon alifariki Jumatano tarehe 7 Agosti 1996, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Mwanamume mwenye mke halazwi nje ya nyumba yake, hata akiwa maiti, kwa hiyo Alhamisi iliyopita Wepukhulu alikuja na mafundi wa Kibuye, majirani wakakanyaga matope, na jua lilipozama nyumba ilikuwa imesimama pale ilipokuwa simba yake, mnaiona. Ni kazi ya mafundi hodari, lakini dirisha limeinama, na mlango unakwaruza sakafu. Wepukhulu alitaka kuung'oa auweke upya, kwa heshima ya rafiki yake, lakini Dorca alimwambia, "Uache, shemeji." Basi jana mwili uliingizwa ndani, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1978 Gordon na Dorca walilala pamoja hapa nyumbani, Dorca kwenye mkeka na mume wake kwenye jeneza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Manyatta waliopika na kukesha nasi, wenzake wa bandarini waliochangia gari, mafundi wa Kibuye waliofunga vibanda vyao kwa ajili yake, kanisa, na Milka, aliyempa Dorca jiko lake miaka hii yote asimfanye ajione mgeni.

Dorca ameniomba nimalize kwa maneno yake, kwa kuwa yeye hataweza kusimama. Anasema, Baba Rosa, nyumba inatosha, na ingetosha hata mwaka ule wa 1981. Nenda ukapumzike kwa amani, ndugu yetu.