Kiti cha Aliyepigana Kilosa

Kijiwe chetu kilikuwa ng'ambo ya stesheni ya Kilosa, kwenye taruma la chuma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili. Jua likipanda, chuma kilishika moto, hivyo kila mtu alitandika kipande cha gunia kabla ya kukaa. Kondo ndiye aliyetuuzia kahawa. Mwaka ule bei ya mkonge ilikuwa juu, manamba wa mashambani walivaa viatu vya ngozi Jumapili, na sisi tulikuwa na muda wa kupigana upya vita vyote vya dunia.

Asubuhi moja tarishi wa bomani alisimama mbele yetu. Alisema Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, anatafuta mtu mmoja aliyepigana vita, wa kuketi mbele siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Kiti ni kimoja. Wengine watasimama juani.

Tarishi hata hajafika barabarani, Mzee Anselmi alikuwa ameshajikalisha kwa maneno kwenye kile kiti. Tulimwita Mzinga, kwa sababu alikuwa askari wa Mdachi katika vita vya kwanza, na kila siku alitueleza alivyoburuta mzinga wa meli iliyozamishwa Rufiji. Siku hiyo mzinga ulikuwa umerefuka. Alisema kombora lake lilipita juu ya Morogoro, watu wakadhani ni treni.

Mzee Yeremia alitabasamu tu. Yeye tulimwita Bombomu. Alikuja na jeshi la Mwingereza akibeba kichwani masanduku ya risasi za bombomu, ile bunduki ya kumimina risasi, vita vikaisha akabaki hapa kufanya kazi ya reli.

— Utakaaje kiti cha Mwingereza, akamuuliza Anselmi, na wewe ndiye uliyekuwa unampiga Mwingereza?

Anselmi alijibu kwamba mtu humheshimu aliyempiga sawasawa, ndiyo maana Tanga Mwingereza alirudi melini mbio. Yeremia akasema Tanga walioshinda ni nyuki, na nyuki wale walifundishwa kwata na Mdachi, wakipigiwa filimbi wanageuka kulia. Makarius, kijana aliyepigana Bama na jeshi la Keya katika vita vya pili, aliwaomba radhi wazee wake, kisha akasema nyuki si kitu: Bama yeye alivuka mto juu ya tembo aliyejua kusoma ramani.

Kondo naye akajitosa. Mjomba wake alikuwa Kigoma, akamwambia Waingereza walileta manowari mbili ziwani kwa kuziburuta nchi kavu, zikapanda milima zikivutwa na ng'ombe. Hapo tulicheka mpaka Makarius akamwaga kahawa. Tulimwambia Kondo uongo nao una mipaka yake. Akasuuza vikombe kwa hasira. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba mpaka pale ni yeye peke yake aliyesema kweli.

Makarius ndiye aliyewarudisha kwenye kiti. Alisema Bwana Shauri hana haja na Rufiji wala Tanga, atampenda aliyepigana hapahapa Kilosa. Wazee wawili wakatazamana. Wote walikuwepo hapa mwaka ule Mwingereza alipoingia, ila miaka yote hiyo hawakuwahi kuisimulia siku ile.

Anselmi alianza. Walikuwa kilimani, wakawazuia Waingereza tangu alfajiri, wakawashinda kabisa. Baada ya kushinda, yeye akaona ni vizuri ashuke mtoni Mkondoa, ajipange upya kwenye matete.

Yeremia akasema hapana, wao ndio walioshinda. Waliwasukuma Wadachi hadi juu, na katikati ya ushindi ule risasi zikawa nyingi kidogo, akatua sanduku, akaenda kuangalia usalama wa nyuma. Kule nyuma kulikuwa na matete.

Pembeni yetu alikuwa ameketi mama mmoja wa Rudewa, Mwanasha, anasubiri treni na tenga lake la kuku. Tulikuwa tumemsahau. Akasogea kidogo.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba.

— Naomba kuuliza. Wewe ulikwenda kwenye matete, na huyu naye alikwenda kwenye matete. Kule kilimani aliyebaki akashinda ni nani?

Kondo aliacha kusuuza vikombe. Makarius alitazama chini. Nilingoja mmoja wa wale wazee apandwe na hasira. Lakini Anselmi alimgeukia mwenzake, akauliza kwa sauti ya chini:

— Matete uliyaingilia upande gani?

— Upande wa mkuyu.

— Kulikuwa na mtu anakohoa upande wa mkuyu.

— Vumbi lile. Nilijiziba mdomo kwa kofia. Na kuna mtu alikuwa anasali.

— Salamu Maria. Sikukumbuka sala nyingine.

— Mimi nikajua ni kikosi kizima cha Wadachi.

Treni ikaja, Mwanasha akapanda na kuku wake.

Kiti alikikalia Makarius. Siku ya sherehe niliwatafuta wale wazee wawili katika watu waliosimama, sikuwaona. Jioni walitokea njia ya mtoni, suruali zimelowa hadi magotini, Anselmi amemshika Yeremia mkono. Walikuwa wamekwenda kupatafuta mahali penyewe. Mkuyu ulikuwa bado upo. Walikuwa wanabishana, Anselmi akisema walilala mbali sana mmoja na mwenzake, Yeremia akisema hapana, palikuwa kama kutoka hapa hadi kwa Kondo.

— Haiwezekani, Anselmi alisema. Ungekuwa karibu hivyo ungenisikia nikitetemeka.

Yeremia alikaa, akalinyoosha gunia lake.

— Nilikusikia, alisema. Nilidhani ni upepo.