Kompresa Yangu Iliyomeza Sauti ya Mama
Bwana asifiwe, watu wa Kola! Asifiwe tena, hata na nyinyi mliokaa mbali na spika kwa kuogopa nyimbo zangu.

Ndugu zangu, mimi ndiye ninayerekodi kwaya nyingi za hapa, na nilikuwa na kiburi. Nilijitengenezea kompresa, programu ya kompyuta inayobana sauti: mwimbaji akipaza sana inamshusha, ili wimbo wote usikike sawa. Lakini mnatujua. Nyimbo zikipigwa kwenye spika ya juu ya gari, kila kwaya inataka wimbo wake uzidi wa kanisa jirani. Basi nikawa naikaza mpaka mwisho, na sauti zikianza kukwaruza nasema huo ndio upako!

Kosa langu lilikuwa kurekodi huku kompresa imewashwa, kwa hivyo kilichohifadhiwa kwenye kompyuta kilikuwa kimeshabanwa. Hivyo ndivyo nilivyomrekodi Mwaitu, mama yangu mzazi, wiki moja kabla ya kupasuliwa koo. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba hataimba tena.

Alipotoka hospitali nikamwekea wimbo wake. Akasikiliza wote, kisha akaninong'oneza, maana kunong'ona ndiko kulikobaki: "Ni nzuri. Lakini huyu anaimba ni nani?"

Nilitoka nje nikalia. Nilijaribu kila ujanja ninaoujua, lakini sauti ikishapasuka vile hakuna fundi wa kuishona. Nikapiga magoti studio, nikamwambia Mungu kwamba aliyeharibu ni mimi, si shetani.

Kesho yake asubuhi kompyuta ikakataa kufanya kazi, ikisema imejaa. Nikakasirika, nikaanza kutafuta vya kufuta, nikakuta rundo la faili nisizozijua. Nikafungua moja. Alikuwa Mwaitu! Sauti safi, haijaguswa! Wakati nilipokuwa naijaribu kompresa, niliiamuru iweke nakala ya kila sauti kabla ya kuibana, nipate kulinganisha. Nilipomaliza kuitengeneza nilipaswa kuiondoa amri hiyo, nikasahau. Mimi mwenye kujisifia akili, nimeokolewa na kusahau kwangu!

Nikamwekea ile sauti bila kompresa, bila chochote. Alifumba macho, na kila mahali alipovuta pumzi kwenye wimbo, naye akavuta palepale.

Namshukuru Mungu mbele yenu, na wanakwaya wote niliowakaba koo wanisamehe. Na wewe uliyeharibu kitu chako kwa mikono yako mwenyewe, mpelekee Yeye leo. Usingoje ukitengeneze kwanza.

Mwaitu amekaa pale kiti cha mbele. Naomba tunyamaze sasa niiwashe ile sauti yake safi, awaimbie.