Ndoo Irudi Kwenye Boti

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mtendaji wa Kata, Katekista Hermani, walimu wangu, Mzee Gidamis ambaye leo unaweka kasia chini, wazazi na wanafunzi wenzangu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Kabla ya yote nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nilipokuwa kidato cha kwanza sikuugua malaria. Wengi mnakumbuka nilivyoanguka mstarini asubuhi, nikabebwa na walimu wawili, nikalala nyumbani wiki mbili, na Jumuiya nzima mkaja kuniombea. Katekista, unisamehe, uliombea malaria ambayo haikuwepo. Mganga wa zahanati aliniambia ni maambukizi ya njia ya mkojo, kwa sababu nilikuwa najibana na sinywi maji. Mama alikuwa nje ananisubiri. Nilipotoka nikamwambia, "Ni malaria." Miezi minane kabla ya kuanguka, kila asubuhi, nilipokea chai kutoka mkononi mwake, nikageuka, nikaimwaga kwenye majivu ya jikoni.

Mimi ni Marieta, mtoto wa Genoveva, nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita. Nimepewa nafasi hii niwashukuru viongozi kwa boti mpya, kwa niaba ya wanafunzi tunaovuka ziwa. Karatasi niliyoandikiwa ninayo hapa. Inashukuru mara sita, na neno choo halimo. Ndugu Mtendaji, ni karatasi nzuri, lakini nitakurudishia.

Nani hapa hajui safari ile? Tunaondoka hapa mwaloni, boti zinapofungwa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunapitia kituo cha kwanza, tunasubiri watu, tunapitia cha pili, tunasubiri magunia, na tunapofika ng'ambo saa mbili zimekwisha. Ukibanwa, utashukia wapi? Kwenye matete yenye kiboko? Wavulana walisimama nyuma ya boti, wakageuka, basi. Mtu mzima akizidiwa alining'inia ukingoni, na sisi wengine wote tukautazama mlima Hanang kama vile hatujawahi kuuona. Na vyote hivyo vilikwenda wapi? Vilikwenda kwenye maji ambayo mama zetu wanayachota kwa ndoo, hatua chache kutoka hapa nilipo. Kuna aliyewahi kumwambia Mzee Gidamis kwamba ziwa ni kubwa. Mzee akamjibu, "Ni kubwa, ndiyo. Wewe unakunywa upande gani?"

Niliporudi shule baada ya ile niliyoiita malaria, nilikuta ndoo nyuma ya boti. Sikumwambia Mzee kitu, na yeye hakuniuliza. Ilikuwa ndoo kubwa ya rangi, imefungwa kwa kamba kwenye mbao isipinduke, juu yake kiti cha ubao kilichotobolewa, pembeni kopo la majivu yaliyochanganywa na maranda, na shuka kuukuu limezungushwa kwenye fito tatu. Mimi nikasimama tu. Mzee akasema, "Binti, anayebeba watu anabeba na matumbo yao. Pita."

Ndoo ile ilikuwa na maandishi makubwa: MALI YA PAROKIA. Katekista alipoiona akapiga kelele kutoka nchi kavu, "Mzee Gidamis! Ndoo ya kanisa inatafuta nini majini?"

"Inafanya matendo ya huruma, Katekista."

Katekista alicheka mpaka akaketi chini. Kesho yake akaleta mfuniko.

Sheria ya Mzee ilikuwa moja: ukimaliza unamwaga majivu mpaka usione kitu, unafunika, na tukifika aliyetumia ndiye anayebeba. Ndani ya ziwa halimwagwi hata tone. Unapanda mpaka kwenye shimo alilochimba juu kule, mbali na maji, unamwaga, unafukia kwa udongo, unanawa kwa sabuni kwenye kibuyu chirizi. Shimo la kwanza lilipojaa alilifunika mwaka mzima, na leo pale juu pana mti wa mgrevilea uliomzidi yeye kimo.

Sitasema ilikuwa rahisi. "Marieta, kiti chako cha enzi kinakusubiri!" Hayo nilipigiwa kelele na boti nzima, na nililia. Lakini aliyepiga kelele kuliko wote ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba shuka lifungwe vizuri, siku aliyokula nyama ya mnadani. Sikumcheka. Nilimpa kopo la majivu.

Sasa tuna boti mpya. Ni nzuri, ina injini, ina rangi ya buluu, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo wangu wote. Lakini pale nyuma ndoo ilipotakiwa kukaa, naona kreti za soda. Nilipouliza, Ndugu Mwenyekiti, ulinijibu hivi, "Boti hii inakwenda mbio, mwanangu. Mtafika kabla hamjabanwa. Hatuwezi kuzindua boti ya serikali ya kijiji na uchafu ndani."

Wazee wangu, tumbo linajua kuna injini?

Alhamisi iliyopita kamati ilikwenda kuijaribu boti. Injini ikazima katikati ya ziwa. Wakakaa huko saa tatu, jua linawaka, wameshiba pilau. Aliyekwenda kuwavuta alikuwa Mzee Gidamis na boti yake ya zamani, na kasia la pili nilishika mimi. Tulipokaribia, kiongozi mmoja alisimama, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Hakuuliza kamba. Hakuuliza maji ya kunywa. Alisema, "Mzee, ile ndoo mmekuja nayo?"

Tulikuwa nayo. Mzee alifunga shuka, akanigeuza nitazame mlima, nami nikautazama. Tulipofika mwaloni akambebea ndoo mpaka shimoni, kwa sababu kiongozi yule aliona aibu, na Mzee akavunja sheria yake kwa mara ya kwanza ili mwenzake asiaibike. Huyo ndiye mnayemuaga leo. Miaka thelathini ya kupiga kasia, na zawadi aliyoandaliwa ni saa ya ukutani. Mzee, saa ni nzuri. Lakini najua unachotaka.

Naomba mnivumilie kidogo tu. Mdogo wangu Doto anaanza kidato cha kwanza mwezi ujao. Yupo pale, amejificha nyuma ya Mwalimu. Juzi alisikia kwamba ndoo imeondolewa. Jana asubuhi nilimwona amepokea chai kwa mama, amegeuka, anaimwaga kwenye majivu.

Anajizoeza.

Kwa hiyo nakataa. Nimeombwa niifungue kamba ya boti, iondoke na mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani, ikawachukue akina mama walioko gulioni ng'ambo. Kamba hii hapa mkononi. Sitaifungua. Ndoo ni hii nimekuja nayo, imeoshwa, imejaa majivu makavu, na Katekista ametoa mfuniko mpya. Kreti mbili zikishuka, inaenea. Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Mimi sina haraka. Walio ng'ambo wamekaa juani tangu asubuhi, na wao pia wana matumbo.

Mama yangu ni mmoja wao. Yuko gulioni na maharage yake, ndiyo maana leo nimeweza kusema. Naomba mnitunzie siri hii: asisikie kwa mtu kwamba nilikuwa namwaga chai yake. Nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono, atakapokuwa anashuka kwenye boti yenye ndoo. Mnaona ni siri kubwa kwa watu wengi namna hii? Mimi nimeitunza ya kiongozi yule tangu Alhamisi, na hata sasa sijamtaja jina. Nimeitunza peke yangu. Ninyi mko zaidi ya mia mbili, mnaweza kusaidiana.

Mzee Gidamis, asante. Nanyi nyote, asanteni kwa kumsikiliza mtu asiyezoea kusikilizwa. Msimwambie mama.